Usifumue Mkono wa Kushoto

Fort Ternan
11 Februari 2024

Judy,

Sikuandikii kukujulia hali. Kama unakula, kama unalala, hayo ni ya serikali. Ninakuandikia kwa sababu ya sweta.

Meneja wa shamba la chai alitaka nyumba yenu ya kambini, kwa hivyo Owiti alienda kuchukua vitu vya ndugu yake. Alileta kitanda, redio, nguo za marehemu, na mfuko wa kitambaa. Ndani ya mfuko mlikuwa na sweta ya shule ya Vivian, ile ya rangi ya damu ya mzee uliyokuwa ukiifuma. Mgongo uko tayari, mikono yote miwili iko tayari, kifua umekiacha katikati. Mtoto alipoona huo mfuko aliukumbatia na hajauachilia. Tangu tumzike baba yake hasemi kitu ila "ndiyo" na "hapana". Nilimnunulia sweta nyingine sokoni. Aliitupa ndani ya choo. Anataka hii.

Nimeiloweka. Maji yalitoka mekundu, nikamwaga, nikaloweka tena, yakatoka mekundu. Sijui kama ni rangi ya uzi au ni mwanangu.

Sindano ya kufumia nimepata moja. Ya pili ndiyo uliyomdunga nayo mumeo Kepher, na polisi wanayo. Nimenoa spoku ya baiskeli nifumie hiyo.

Sasa, mimi nimefuma kofia za watoto na skafu miaka mingi, lakini sijawahi kufuata karatasi ya maelekezo. Hii yako niliyoikuta mfukoni ni ya Kiingereza na hata mwalimu wa Vivian ameshindwa nayo. Inasema K2, P2, halafu kuna nyota, halafu inasema urudie kutoka kwa nyota. Nyota gani? Na stichi za kifua zimemwagika zote, hazina sindano. Nizirudishe vipi?

Nijibu hayo tu. Usiniombe msamaha na usimtaje mwanangu. Barua nimempa Esnah wa kanisani, anayekuja huko rumande na akina mama wa maombi. Jibu mpe yeye.

Jerusa, mama yake Kepher

*

Rumande
25 Februari 2024

Mama,

Barua nimeipata. Nitajibu uliyouliza tu.

K ni pleni, ile ya kawaida. P ni pali, uzi ukiwa mbele. K2, P2 ni pleni mbili, pali mbili. Nyota si stichi, Mama, ni alama tu ya mahali pa kurudi. Ukifika mwisho wa maneno, unarudi pale penye nyota unaanza tena, mpaka mstari uishe.

Stichi zilizomwagika usizivute. Laza kifua juu ya meza, ingiza ncha ya sindano katika kila tundu, ukianzia kulia. Zile zilizoteremka chini sana zipandishe na kulabu ya krosheti, ngazi moja moja, kama mtu anayepanda juu. Ukiona moja imekukimbia, ishike na pini kabla hujafanya kitu kingine.

Spoku ni nyembamba. Mstari mmoja utabana na mwingine utalegea. Afadhali uchonge mwanzi, unene wa kalamu ya risasi, uupake mafuta.

Judy

*

Fort Ternan
17 Machi 2024

Judy,

Mwanzi ulikubali. Stichi zilirudi, zote isipokuwa mbili. Nilikuwa nimefuma upana wa kiganja.

Jumapili Owiti alikuja kutoka Kapsoit. Alinikuta nimekaa na sweta mapajani. Akasimama mlangoni na kofia yake ya kuchomelea vyuma mkononi, hajaniamkia. Akasema, "Mama, yule mwanamke alimdunga ndugu yangu akiwa amelala usingizi. Na wewe unakaa hapa unamalizia kazi yake?"

Nilisikia aibu mpaka kwa mifupa. Nikachukua sweta yote, mgongo, mikono, kifua, nikatupa motoni.

Vivian hakulia. Alikuja mbio kutoka nje akatia mkono ndani ya moto. Ule uzi wa dukani hauungui kama pamba, unayeyuka. Ulimshika viganja. Nilipombandua uzi, ngozi ilikuja nao. Na hata hapo hakulia, aliniangalia tu, sweta ameibana kifuani inatoa moshi. Owiti aliondoka bila kunywa chai.

Tulienda zahanati. Mikono imefungwa bendeji. Muuguzi aliniuliza ni nani alimchoma nikamwambia ni mimi.

Sehemu ya chini ya mgongo imeungua, ile ribu, pindo la mistari linalobana kiunoni. Kwingine kumebaki. Niambie kama inatengenezeka. Nakuuliza wewe kwa sababu hakuna mwingine, na si kwa sababu nimesahau ulichofanya. Mtu aliyelala! Hata mbwa humwamshi na chuma.

Jerusa

*

Rumande
7 Aprili 2024

Mama,

Usiangalie mwandiko wangu. Huku kuna baridi na vidole vimekuwa vigumu.

Inatengenezeka. Kata ribu yote iliyoungua, mpaka ufikie mstari mzima usio na alama. Tumia makasi madogo, ukate uzi mmoja tu katikati, kisha uuvute polepole kushoto na kulia, na stichi zitabaki wazi kama meno. Zitie kwenye sindano. Halafu fuma ribu mpya ukielekea chini, pleni mbili, pali mbili. Hakuna mtu atakayejua.

Viganja vyake mpake mafuta ya nazi bendeji zikitoka. Usimwache achume chai wala aoshe sufuria.

Juu ya hayo mengine, ulinikataza kumtaja, kwa hivyo simtaji.

Judy

*

Fort Ternan
28 Aprili 2024

Judy,

Unanidanganya hata kwa kitu kidogo. Esnah ameniambia si baridi. Ameniambia kuna mwanamke huko, Chepngeno, ambaye kaka yake aliuawa na mke, na aliposikia kesi yako alikungoja bafuni akakuvunja vidole viwili na mlango wa chuma, akaufunga mara ya pili kuhakikisha. Esnah alikuwa analia akinisimulia. Mimi sikulia. Nilifurahi. Siku hiyo nilikula vizuri. Nakuambia ukweli ili ujue unamwandikia nani.

Ribu imekubali. Sasa niko kifuani na nimekwama. Karatasi inasema upunguze stichi kwapani kila mstari wa pili. Nimefanya. Nimemaliza makwapa yote mawili nikaona nimefanya kazi. Kisha chini yake imeandikwa kuhusu shingo, na mwalimu amenitafsiria maneno yaliyo mbele: wakati huo huo. Wakati huo huo na nini? Kwapa nimeshamaliza. Shingo sasa haina pa kuanzia, kifua kimekuwa kama sahani.

Na kitu kingine. Nimelinganisha mikono. Wa kulia ni sawa. Wa kushoto ni mfupi, vidole vinne vizima, na kwenye kiwiko umeongeza stichi mpaka umevimba kama mfuko. Nilidhani ni moto umeuvuta, lakini hapana, umefumwa hivyo. Ulikuwa unafikiria nini? Mtoto avae kitu kama hicho wenzake wamcheke? Nikimaliza shingo, ninaufumua huo mkono wote na kuufuma upya sawa na wa kulia.

Jerusa

*

Rumande
5 Mei 2024

Mama, usifumue mkono wa kushoto.

Naanza na hilo kwa sababu naogopa Esnah atachelewa. Usiufumue. Mpime Vivian kwanza, kutoka begani mpaka kifundo cha mkono, mikono yote miwili. Mpime yeye, uache kupima sweta.

Shingo ni hivi. Karatasi imeandikwa vibaya, hata mimi ilinikosesha mara ya kwanza. Inakuambia jambo la kwapa mpaka mwisho, ndipo ikumbuke kukuambia kwamba shingo ilipaswa kuwa imeanza zamani. Fumua mpaka mahali kwapa linapoanza. Gawa kifua katikati, nusu moja uitie kwenye kamba ingoje. Kisha nusu uliyobaki nayo, kwenye mstari mmoja unapunguza upande huu kwa ajili ya kwapa na upande ule kwa ajili ya shingo. Yote pamoja. Ukingoja moja liishe ndipo uanze la pili, umechelewa.

Ya mkono siwezi kuandika zaidi. Ulinikataza.

Vidole vinapona. Ni kweli uliyoambiwa. Sikutaka uone kama naomba huruma.

Judy

*

Fort Ternan
2 Juni 2024

Judy,

Barua yako imenifikia jana. Esnah alikuwa ameugua, na barabara ya huku ilikatwa na mvua. Nilikuwa nimeshafumua.

Wacha nikuambie kwa mpangilio.

Shingo ilikuwa imenishinda, kwa hivyo nilifumua kwanza mkono wa kushoto, nikaufuma upya sawa na wa kulia, wiki mbili. Jumatano nikamwita Vivian ajaribu hiyo mikono. Wa kulia uliingia. Wa kushoto ukakataa kiwikoni, na chini ukaning'inia kama soksi. Nikamwambia, "Nyoosha mkono." Akasema, "Hapana." Nikadhani ni ukaidi. Nikaushika nikauvuta kwa nguvu.

Alipiga ukelele mpaka majirani walikuja. Ndiyo mara ya kwanza apaze sauti tangu mazishi.

Watu walipoondoka nilimwambia, "Huu mkono hawakuunyoosha vizuri ulipoanguka kwenye mpera." Kepher ndiye aliniambia kwa simu, mwaka juzi, kwamba mtoto alianguka kwenye mpera. Akaniangalia mimi nyanya yake akasema, "Dani, sikuanguka. Baba aliukanyaga."

Nilimpiga kofi. Nilimpiga kwa kumsingizia mtu ambaye udongo wake haujashikana. Nikainua mkono kuongeza la pili. Na yeye, Judy, hakukimbia. Alikaa chini, akaweka kichwa katikati ya magoti, akakifunika na mkono wa kulia, na wa kushoto akauficha tumboni. Upesi, bila kufikiri, kama mtoto wa shule anayepanga mstari akisikia kengele.

Mpera haumfundishi mtoto kukaa hivyo. Najua kukaa hivyo. Baba yake Kepher alinifundisha mimi.

Jana nikasoma barua yako. Nikampima. Mkono wa kushoto ni mfupi vidole vinne, na kiwiko hakinyooki.

Ulikuwa unamfumia mkono alio nao.

Katazo langu nimeliondoa. Niambie yote. Na uniambie kama alikuwa amelala.

Jerusa

*

Rumande
16 Juni 2024

Mama,

Barua zetu zinasomwa na askari, lakini haya yote nilishawaandikia polisi, kwa hivyo hakuna ninachoficha.

Mkono ulivunjika Vivian akiwa na miaka sita. Alikuwa amebeba uji akamwaga kidogo kwenye shati la kazi la Kepher. Alimwangusha chini akaukanyaga mkono na gambuti lake la mpira. Nilisikia ukivunjika nikiwa nje kwa mfereji. Kepher alilia sana baada ya hapo, Mama, alimbeba mwenyewe mgongoni. Lakini hakumpeleka hospitali kwa sababu kule wangeuliza. Alimpeleka kwa mzee wa kuunga mifupa, naye akaunga vibaya. Habari ya mpera tulikubaliana wote watatu. Hata mtoto alikubali.

Mimi alinipiga tangu mwaka wa kwanza. Sikukuambia kwa sababu ulipokuja kututembelea alikuwa anakuvua viatu na kukuosha miguu, nikaona sina haki ya kukunyang'anya huyo mtoto wako.

Jumapili hiyo ya Oktoba tulitoka kanisani sote. Hakuwa amelewa, watu wanapenda kusema pombe. Mvua ya mawe ilianza, tukajifungia ndani, mabati yanapiga kelele hata huwezi kumsikia mtu aliye karibu nawe. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikafuma kifua cha sweta. Kepher akakumbuka gambuti zake. Alimwuliza Vivian kama ameziingiza ndani, na Vivian alikuwa amesahau. Alifungua mlango, zikawa zimejaa mawe ya barafu.

Alizimwaga pale pale kwenye sakafu. Akachukua moja akaanza na mimi. Alinipiga usoni na kisigino cha gambuti, jino likatoka, nikalimeza. Akanipiga sikio moja ambalo mpaka leo halisikii. Nilikaa tu, nilizoea, nilijua akichoka ataacha.

Hakuchoka. Aliacha kunipiga, akageuka, akasema kwa sauti ya chini, ya kawaida kabisa, "Vivian, kuja hapa. Lala chini. Lete ule mkono mwingine."

Na alikuja, Mama. Alilala chini akanyoosha mkono wa kulia.

Kepher akainua mguu. Mimi nikasimama. Sindano nilikuwa nayo mkononi, na kifua cha sweta kikining'inia, stichi zikaanza kumwagika nikiwa natembea. Nilimdunga chini ya mfupa wa bega, kwa mbele. Iliingia kama kwenye unga. Sikujua mwili wa mtu ni laini hivyo. Niliivuta nikamdunga mara ya pili, mahali palepale karibu, kwa sababu mguu ulikuwa bado uko juu.

Hakuwa amelala. Owiti hakuwapo. Sijui aliambiwa na nani.

Ulitaka yote. Mkono wa kushoto anza na stichi sawa na wa kulia. Ukifika chini ya kiwiko, ongeza moja kila upande kila mstari wa nne, mpaka kiwiko kipite, kisha zipunguze zote. Juu utaacha kufuma vidole vinne kabla ya karatasi kukuambia.

Judy

*

Fort Ternan
25 Agosti 2024

Nyar Kisii,

Ndiyo, nimekuita binti wa Kisii, kama anavyoitwa mke wa mwana. Nimekawia. Niliisoma barua yako mara moja nikaiweka chini ya godoro, nikailalia. Sitasema kitu juu yake bado.

Mwezi wa saba afisa wa watoto alikuja na wakili uliyepewa na serikali. Walikaa na Vivian nje, mimi nikakaa jikoni. Aliongea nao kwa muda mrefu. Nilimsikia akiongea, maneno mengi, hata mengine ya kucheka.

Habari ikafika Kapsoit. Jumamosi wiki mbili zilizopita, mchana, nilikuwa nimewasha moto nipike, pikipiki ya Owiti ikaingia uani. Akasema, "Nimekuja kumchukua mtoto. Atakaa kwangu mpaka kesi iishe. Na kortini atasema baba yake alikuwa amelala."

Nikamwambia, "Hakuwa amelala."

"Wewe ulikuwapo?"

"Na wewe ulikuwapo?"

Akasema, "Mama, unataka dunia ijue Kepher alikuwa mtu wa namna hiyo? Jina letu litabaki wapi?" Alikuwa na machozi. Nakuambia hivyo kwa sababu ni kweli. Kisha akamshika Vivian mkono wa kushoto akaanza kumburuta. Mtoto akamng'ata. Akamtupa kwenye mwimo wa mlango, damu ikamwagika puani, sweta ikiwa mwilini, nimeimaliza ulivyonieleza na alikuwa anaijaribu.

Nilimvuta shati. Akanisukuma nikaangukia kuni, ubavu ukalia. Nikiwa chini pale nikaona mguu wake unainuka. Sijui kama alitaka kunipiga mimi au alitaka kupita. Mguu tu niliuona.

Nilichomoa kijinga cha moto kutoka chini ya sufuria nikamtia usoni. Nilikishindilia, nyar Kisii. Nywele zilishika moto, akaanguka. Alilia kama siku niliyomzaa, nami nikaendelea kushindilia, mpaka Vivian akanishika nguo akasema, "Dani, basi. Dani, basi."

Kipruto jirani alitupeleka hospitali na pikapu yake. Jicho la kulia halitaona tena. Daktari alipomuuliza ilikuwaje, Owiti alisema aliteleza akaangukia moto. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye. Hakuniangalia, lakini alisema hivyo. Ni mwanangu bado.

Nilikuwa na nafasi ya kutupa kile kijinga mara tu Owiti alipoanguka. Sikukitupa. Usiku najiuliza kwa nini, na silali.

Jerusa

*

Rumande
8 Septemba 2024

Mama,

Mbavu zako je? Zifunge na leso, usiinue ndoo.

Nakuomba kitu. Wakili anasema wanataka uje kutoa maneno kortini. Usije. Mmoja wa wanao amezikwa nyuma ya jiko lako na mwingine amepoteza jicho. Ukisimama mbele ya watu ukaniongelea, Owiti hatakanyaga kwako tena, na wa ukoo watakuhesabu pamoja nami. Mimi nitafungwa tu, nimekubali. Wewe kaa na mtoto.

Chepngeno aliyenivunja vidole ananisalimia siku hizi. Alinisikia nikipiga kelele usingizini akaja akakaa kando yangu.

Judy

*

Fort Ternan
24 Novemba 2024

Nyar Kisii,

Ulinikataza na nilikuja. Uliniona. Nilivaa kanzu yangu ya Umoja wa Akina Mama kwa makusudi, ili waone ni nani anaongea.

Kwa sababu ulikuwa mbali na sikio lako moja halisikii, nakuandikia yaliyosemwa. Kwanza walisoma kwamba upande wa serikali umekubali iwe kuua bila kukusudia. Halafu jaji akaniuliza, "Mama, wewe ndiwe uliyefiwa. Una nini cha kuiambia korti kabla sijatoa hukumu?"

Nikasema, "Kepher alikuwa kifungua mimba wangu. Alikuwa akija nyumbani ananiosha miguu. Na alimvunja mtoto wake mkono, akataka kuvunja wa pili. Mambo hayo mawili ni ya mtu mmoja, na mimi ndiye niliyemzaa."

Akaniuliza, "Unataka mshtakiwa afungwe?"

Nikasema, "Nataka mwanangu arudi. Kama hilo haliwezekani, basi msikae na huyu mke wake sana, kwa sababu mtoto anakua na mimi ninazeeka."

Watu wa ukoo waliondoka kabla jaji hajamaliza kusoma kifungo chako cha miaka mitatu. Owiti alikuwa amekaa nyuma, miwani myeusi. Hakuondoka nao. Hakuja kwangu pia. Alikaa tu mpaka askari wakafagia watu.

Sasa nina swali, na haliko kwenye karatasi ya kufumia. Uliniandikia mpaka pale ulipomdunga ukaishia hapo. Mtu hafi papo hapo kwa sindano. Daktari alisema alikaa. Nataka kujua alikaa vipi. Alisema nini? Aliniita?

Usinifiche kama ulivyonificha vidole.

Jerusa

*

Gerezani
8 Desemba 2024

Mama,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikiichana.

Baada ya ile ya pili aliweka mguu chini, polepole, kando ya mkono wa Vivian, hakuukanyaga. Akaangalia kifua chake. Damu haikuwa nyingi kwa nje. Akasema, "Judy, umenidunga," kama mtu anayeshangaa kukuta mgeni nyumbani. Nilimwambia Vivian akimbilie kwa Mageto, jirani, waite gari la shamba. Vivian alikimbia kwenye ile mvua ya mawe bila viatu.

Kepher alitembea mwenyewe mpaka mlangoni akakaa kizingitini. Nilidhani atainuka anipige, nikasimama mbali. Hakuinuka. Midomo yake ikawa myeupe. Akasema, "Nina kiu." Nikachota maji mtungini nikamnywesha, kwa sababu mikono yake ilikuwa haishiki kikombe. Alikunywa nusu, nusu ikateremka shingoni. Akaomba tena nikampa tena. Nilimshika kichwa asigonge mwimo.

Akauliza, "Vivian yuko wapi?" Nikamwambia yuko kwa Mageto. Akasema, "Vizuri." Mpaka leo sijui hiyo vizuri ilikuwa ya nini.

Halafu alianza kutetemeka, nikamfunika na koti lake la mvua. Gari lilipofika alikuwa ameshaenda. Nilikuwa bado nimemshika.

Hakukuita, Mama. Nilitaka kukuandikia kwamba alikuita, na ndiyo hizo barua nilizozichana.

Judy

*

Fort Ternan
22 Desemba 2024

Nyar Kisii,

Nilijua utaniambia aliniita. Ndivyo watu huwaambia akina mama. Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia kwa hilo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa pale kaburini. Nililia mpaka Vivian akaja kunitafuta. Aliniuliza barua inasema nini, nikamwambia inasema baba yake alikuwa na kiu.

Sijakusamehe. Labda nitakufa kabla, mimi ni mzee na jambo hili ni kubwa. Lakini nakushukuru kwa kumpa maji. Nakushukuru pia kwa mara ya pili, alipoomba tena.

Esnah anasema siku ya wageni ni Jumanne ya kwanza ya mwezi. Nitamleta Vivian mpaka langoni. Miguu yangu ikikubali, nitaingia naye.

Jerusa, dani wa Vivian